Adhabu ya Yulan

Fundi alipobandua kipima mwenendo ukutani, Shufen alilia kwa furaha. Kwa miaka mingi kila familia mjini Chengdu ilisimama mbele ya chombo hicho kabla ya chakula cha jioni, kila mtu akataja makosa yake na kujikata alama mwenyewe. Sasa serikali ilikuwa imetangaza kwamba alama zote zimefutwa.

"Nampigia Yulan," alimwambia mumewe, Guowei. Binti yao alikuwa ameshuka alama kwa kuikosoa halmashauri hadharani, na tangu hapo hawakuwahi kuzungumza naye, wasije wakashuka pamoja naye.

Guowei alimshika mkono. "Usipige. Tutashuka."

"Tutashuka wapi? Hakuna tena anayetupima!"

"Sisi wenyewe tutajua," alisema Guowei.

Shufen alimkodolea macho kama mtu asiyemfahamu. Alijichomoa, akaingia jikoni, akapiga. Yulan alipokea mara moja.

"Mwanangu! Umesikia? Yamekwisha. Njoo nyumbani leo, nimepika supu."

"Nimesikia, mama," Yulan alisema kwa upole. "Lakini nilijipa adhabu ya kutowaona, na bado sijaimaliza."

"Adhabu gani? Nani amekuamuru?"

"Hakuna aliyeniamuru, mama. Ndiyo maana hakuna anayeweza kunisamehe."

Kisha akaaga kwa adabu, akakata simu. Shufen aliketi sakafuni, simu bado mkononi.