Begi la Kwendea kwa Shangazi

Kasiani alipekua mabegi yote ya kamera pale dukani Sinza, akachagua dogo kuliko yote, jeusi, ambalo ungedhani limebeba chakula cha mchana.

Yeye ndiye mpiga picha wa misiba, na begi lake kubwa lilijulikana Tabata nzima. Likionekana kwenye nyumba yenye mgonjwa, watu walianza kulia mapema. Sasa ndugu zake walikuwa wamempigia simu: shangazi yuko hoi, njoo na kamera, ukae karibu.

Alimkuta shangazi amefumba macho. Akaketi kando ya kitanda, begi mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo shangazi. Nimekuja kukuona tu."

Shangazi akafumbua macho. Mkono wake mkavu ukatoka ndani ya shuka, ukalipapasa begi taratibu, ukatulia pale lenzi ilipotuna.

"Marahaba, baba. Safari hii umeleta dogo."

Kasiani akaondoa mikono yake juu ya begi.

"Itoe basi," shangazi alisema, akijiinua kwa shida aketi. "Wenzangu wote uliwapiga wamefumba macho. Mie nipige nikikuangalia."