Arobaini ya Baba

Kila mlango mtaani kwetu humfungulia yule tu ambaye jina lake limo kwenye faili la ruhusa, na faili hilo nalitunza mimi, katika ofisi ya mtaa. Marehemu hufutwa siku ya arobaini yake. Ndiyo sheria, na sijawahi kumchelewesha mtu.

Ilipofika arobaini ya baba, mwenzangu Masika alinionea huruma. "Dada Tunu, niachie mimi nimfute mzee."

"Hapana. Baba yangu nitamfuta mwenyewe."

Nikabonyeza, nikajipangusa macho, nikaendelea na kazi.

Jioni nilimkuta mama amekaa barazani, mchicha umemnyaukia kapuni.

"Nimebisha hodi tangu adhuhuri, mwanangu. Mlango unasema hapa nje hakuna mtu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama hakuandikishwa peke yake. Aliandikwa chini ya jina la baba, kama tulivyozoea kuwaandika wake za watu. Nilipomwondoa baba, mama alikwenda naye. Na anayetaka kurudishwa lazima aombe kwa sauti yake mwenyewe, ilhali faili haliwasikii wasiomo.

"Ni hitilafu ndogo tu, mama," nikamwambia, nikamshika mkono tukasogea mlangoni.

Taa ikawaka. "Karibu, Tunu," mlango ukasema kwa upole. "Pole sana kwa kufiwa na wazazi wako."

Naye mama, kwa mazoea ya siku zile arobaini, akaitikia: "Tumeshapoa."