Kibodi ya Mama Kibirichia

"Imepotea tena," Marcella alisema kwenye simu. "Nagusa pale pa kuandika, herufi hazitokei."

Kirimi, mwanawe, alisogeza kikombe cha chai kando. Ilikuwa saa saba mchana mjini Embu. Wenzake wa ofisini walikuwa wameenda kula, naye amebaki na kompyuta zao kumi na mbili. Kuzitengeneza zikikwama ndiyo kazi yake. Hii ya mama ilikuwa mara ya nne wiki hiyo.

"Gusa Kubali, Mama, niingie."

Kule Kibirichia mama akagusa, na skrini ya tableti yake ikafunguka ndani ya kompyuta ya Kirimi. Vidole vyake vilijua njia zote za mkato; angeirudisha kibodi ile kabla mama hajamaliza kupiga chafya. Lakini alikwenda pole pole, akiuliza habari za nyumbani. Mvua? Imenyesha. Ng'ombe? Amezaa, tena dume. Viazi? Hapo ndipo mama huchangamka kila mara.

Marcella alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa viazi. Wanunuzi walimwandikia kwenye tableti, naye aliwajibu kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Tangu mumewe afariki, ukatibu ule ndio uliomwamsha asubuhi akiwa na pa kwenda.

Winrose, dada yake Kirimi aliyeolewa Kianjai, alikuwa na maelezo yake.

"Anaizima mwenyewe," alikuwa amemwambia Kirimi. "Mama ako na upweke, huoni? Na akikupigia bila shida, atasema nini? Ati nimekukumbuka?"

Hapo alisema kweli. Kwao, mwanaume akishatoka jandoni hakai tena jikoni kwa mamake kupiga porojo, na simu kati yao lazima iwe na jambo. Pasipo jambo, hakuna simu.

"Basi mwache," Kirimi alimjibu. "Mimi sichoki."

Lakini leo sauti ya mama ilikuwa ndogo.

"Kirimi, wenzangu wananisengenya. Jana lori lilibeba viazi vya kikundi kingine kwa sababu sikujibu. Nami naapa sijagusa mahali. Labda ni kichwa. Nyanya yako alianza hivi hivi, akasahau mpaka jina langu."

"Si kichwa, Mama."

"Ikipotea tena hata mara moja, ukatibu namwachia mwenzangu Tabby. Nitakaa nyumbani na simu yangu ya kabambe, ile ya vibonye."

Kirimi moyo ulimuuma kweli. Akabonyeza mahali fulani, na herufi zikajipanga chini ya skrini. Mama akajaribu: N, I, P, O. Akacheka kama msichana.

"Mungu akubariki! Haitapotea tena?"

"Haitapotea."

"Wacha basi nikaangalie sufuria. Na wewe ukale, wenzako wasikumalizie chakula."

"Wananingoja, Mama. Huwa tunakula sote."

Simu ikakatika, lakini skrini ya tableti ilibaki wazi mbele yake. Hakuna aliyekuwa akimngoja popote. Kesho ilikuwa Jumamosi, kisha Jumapili, siku mbili ambazo hakuna mtu Embu angemwita kwa jina lake.

Akafungua mipangilio ya tableti ya mama, akashuka mpaka palipoandikwa kibodi, akaizima, kama alivyoizima jana na juzi.