Kiolesura cha Pili

Kompyuta ilimkatalia Kaliza: chaneli inatumika.

Alisoma tena. Majirani wa mtaa wa Busanza walikuwa wamejazana kwenye chaneli ile ya waifai, naye alitaka tu kuihama ili kikao chake cha kazi kisikatike. Redio ndani ya laptop ni moja, na kinachoitumia ndicho kinachoishikilia chaneli. Lakini yeye alikuwa amezima kila kitu.

Akaiamuru kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, imwonyeshe violesura vyote vya mtandao, yaani milango ambayo redio hiyo hupitishia mawasiliano. Kimoja alikijua. Cha pili hakukiunda yeye. Kilikuwa kimeunganishwa na simu iliyokuwa humo humo nyumbani, na kila alichoandika kilikuwa kikipitia hapo kwenda kwenye simu hiyo.

Nywila ya laptop waliijua wawili tu, yeye na mumewe. Mumewe alikuwa sebuleni, akicheka peke yake huku akitazama simu.

Kaliza aliandika amri ya kukifuta kile kiolesura cha pili. Kidole kilikuwa kimelowa jasho. Akakipangusa kwenye kitenge, halafu akabonyeza.

Kompyuta ikahama chaneli mara moja.

Kule sebuleni kicheko kilikatika.

"Kaliza," mumewe aliita kwa upole, "umegusa nini kwenye mashine?"

"Ni kazi tu ya ofisi, chéri."

Kandambili zilianza kuja koridoni, polepole. Kaliza aliinuka haraka kwenda kufunga mlango wa chumba, na ndipo alipoona kwamba ufunguo umechomekwa upande wa nje.