Mmoja kati ya Sita

"Toa kalamu mdomoni, mwanangu. Mama yako hakukufundisha?"

Wakili Garrett Haskell aliitoa kwa shingo upande. Yeye alikuwa anaitetea hospitali, na bibi huyu wa miaka sabini na mmoja, Ludie Pruitt, ndiye aliyeishtaki. Walikuwa wameketi ofisini, katika mji wa viwanda vya pamba huko Carolina Kusini, karani akiandika kila neno lililosemwa chini ya kiapo.

Madai yalikuwa mazito. Siku aliyotolewa kifuko cha nyongo, Bi Ludie aliamka kisu kikiwa bado kinafanya kazi. Dawa ya usingizi haikutosha, ila ile ya kulegeza misuli ilitosha na kubaki, kwa hiyo hakuweza kutikisa hata kidole. Tangu siku hiyo analala taa zikiwaka. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu, maneno ya Dakta Keller, daktari wa usingizi.

"Alisema anauza mashua yake kabla mkewe hajajua," alirudia bibi. "Mnunuzi ni mchungaji wa kanisa lao. Akasema injini imekufa, lakini mchungaji ataiombea."

Haskell alikwisha kumuuliza Keller faraghani kuhusu mashua hiyo, na Keller alibadilika rangi. Kumbe maneno yalikuwa ya kweli. Yalimfikiaje bibi? Hapo palikuwa na mkono wa mtu, na Haskell aliapa kuwa ni muuguzi mwenye kinyongo. Leo alikuja kuwanasa wote wawili. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia, akafungua faili.

"Bi Pruitt, masikio yako yaliharibika lini?"

"Kiwandani. Miaka thelathini na moja kwenye chumba cha kufuma. Kelele zile, ukipiga chafya hujisikii mwenyewe."

"Mlikuwa wangapi humo?"

"Wanawake arobaini. Hakuna ndoa mjini hapa ambayo hatukuisengenya kabla ya chakula cha mchana."

Tammy, binti yake, aliangua kicheko. Haskell hakucheka. Aliandika neno "kiziwi" na kulipigia mstari mara mbili.

"Baada ya upasuaji, mbali na hayo majinamizi, uliumwa kitu kingine?"

"Macho. Wiki nzima yaliniwasha kama yametiwa mchanga."

"Hayo ni ya umri, bibi," alisema Haskell, akafunua ukurasa. Kisha akausogeza mezani taratibu, kama mtu anayetandaza karata yake ya mwisho. "Hii ni sahihi ya nani?"

"Ya Tammy."

"Asubuhi ile, kabla hujaingizwa chumba cha upasuaji, muuguzi alikuvua vifaa vyako vya kusikilizia akampa binti yako. Kweli si kweli?"

"Kweli. Vilishinda ndani ya mkoba wake."

Nadine Ochs, wakili kijana wa Bi Ludie, aliacha kuandika. Habari hiyo hakuwahi kuisikia. Tammy aliendelea kutafuna bazoka yake.

"Na bila vifaa hivyo unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Hata radi."

Haskell alifurahi, tena bila haya. Aliinamia meza na kupunguza sauti, kama afanyavyo kila anapokaribia kummaliza mtu.

"Umekula kiapo, Bi Pruitt. Kusema uongo chini ya kiapo ni jela, na wala haitatazama miaka yako. Mle ndani walikuwemo watu sita: Dakta Keller, daktari wa upasuaji, msaidizi wake na wauguzi watatu. Wote sita waliongea saa nzima. Wewe umetuletea maneno ya mmoja tu. Nani alikupa maneno hayo?"

Bi Ludie alimkazia macho, vile vile alivyomkazia tangu asubuhi.

"Keller mwenyewe. Aliketi kando ya kichwa changu, ameshusha barakoa anakunywa kahawa," alisema. "Wale watano walikuwa wamevaa zao, midomo yao sikuweza kuisoma."