Swichi Iliyoungua

Ilianza harufu ya waya unaoungua, kisha feni ya hita ikanyamaza. Kioo cha mbele kikafunga ukungu kana kwamba mtu amekipaka maziwa. Eliud akalisimamisha gari kando ya barabara, penye migomba ya Ihanda, mvua ikinyesha.

Lilikuwa gari la zamani la bati zito, ambalo marehemu baba yake alilinunua kwa padre mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ndiyo maana lilikuwa na hita. Xaveria alilipendea hiyo hita. Asubuhi za Karagwe zina baridi ya kupenya mifupani, na hewa ile ya moto miguuni, Eliud akiwa pembeni, ilimfanya ajione malkia.

"Nimempigia Kahigi wa gereji," Eliud alisema. "Anakuja."

Xaveria akafungua hotipoti, akammegea kuku. Alikuwa ameamka alfajiri kumpikia. Wakala, wakacheka, mvua ikapungua.

Aliyekuja hakuwa Kahigi. Bodaboda ilimshusha mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu, sanduku la spana begani. Eliud akaacha kutafuna, akashuka haraka.

"Nilimwita Kahigi," alisema.

"Kahigi yuko chini ya lori. Nimekuja mimi." Mwanamke akachungulia ndani. "Habari za asubuhi, dada. Naitwa Immaculata."

"Nzuri," Xaveria alijibu kwa ncha ya ulimi. Akamvuta Eliud shati kupitia dirishani. "Unamfahamu huyu?"

"Ni fundi," Eliud akasema, macho yake kwenye migomba.

Fundi! Fundi gani anapeleka mkono chini ya kiti bila kuuliza na kutoa bisibisi, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake? Na alipopita mbele ya Eliud, alisimama, akamfuta mafuta ya kuku mdomoni kwa kidole gumba. Eliud akatulia tuli kama mtoto anayenawishwa. Xaveria akahisi damu inampanda hadi masikioni.

Immaculata akapiga magoti kwenye mlango, akaanza kazi. Fyuzi ilikuwa nzima. Akachukua taa ndogo ya kupimia umeme, akagusa waya unaoingia kwenye swichi, taa ikawaka. Akagusa unaotoka, kimya. Akavuta waya mwingine toka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye feni, na feni ikavuma.

"Feni haina kosa," akasema. "Mwongo ni swichi."

Akaing'oa, akaifungua kiganjani. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi tii.

"Huu si uzee. Imeunguzwa. Kuna mtu anaiweka feni mwisho kabisa, kwa muda mrefu, gari likiwa limesimama."

"Umejuaje kama limesimama?" Xaveria aliuliza, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno yake.

"Kwa sababu betri nayo inakufa kila mara. Dainamo ya kizee kama hii haichaji injini ikinguruma polepole. Mimi ndiye ninayeichaji, dada. Jioni Eliud anakuja nayo, asubuhi anaondoka nayo."

Xaveria akakumbuka. Zile jioni zote alizomngoja, chakula kikipoa mezani, halafu simu: mpenzi, gari limenigomea, betri imekufa. Kumbe betri ilikuwa na mwenyewe wa kuilaza na kuiamsha!

"Wewe una mume?" aliuliza.

"Ninaye."

"Na anakuruhusu kuwafuta wanaume midomo barabarani?"

Immaculata alifikiri kidogo. "Hajawahi kunikataza."

Eliud akakohoa. Jasho lilikuwa likimtiririka, na baridi yote ile. Hakusema neno la kumtetea Xaveria, wala la kumfukuza yule mwanamke, na hilo ndilo lililomchoma Xaveria kuliko kile kidole gumba.

Immaculata akatoa swichi nyingine sandukuni, akaifunga, akawasha injini. Hewa ya moto ikapanda. Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini, taratibu, mpaka barabara yote ikaonekana.

Xaveria akashuka. Akasimama katikati yao, matope yakimpanda viatuni, kidole chake usoni mwa mwenzake.

"Kazi imekwisha. Sasa rudi kwa mume wako, na huyu usimguse tena. Umenisikia?"

Immaculata hakubishana. Alifuta mikono kwa kitambaa, akafunga sanduku lake, akaliweka nyuma ya gari. Kisha akazunguka, akakaa kwenye usukani.

"Eliud," aliita, "umesikia mwenyewe. Nimeambiwa nirudi kwa mume wangu. Panda, twende nyumbani."

Eliud akapanda.

Kwamba Eliud ana mke mjini Kayanga, Xaveria alijua tangu siku ya kwanza. Hakuwahi tu kuuliza mke huyo anafanya kazi gani.