Pombe Iliyokataa Kuiva

Namnyaki alitia mkono kwenye kibuyu, akauchomoa mzizi unaochachusha asali, akautupa motoni. Kisha akafunika kibuyu na kukaa kitako kama mtu asiyejua lolote.

Hicho kilikuwa kibuyu cha tatu.

Pale Olmotonyi morani hawaendi vitani, hata wawe mia, mpaka wazee wawapulizie pombe ya asali kuwabariki. Safari hii kuipika kulimwangukia Namnyaki, kwa kuwa kiongozi wa morani ni Lerionka, mwanawe wa pekee.

Askari wa Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe wa watu, na Lerionka alitaka boma lao livamiwe, tena upesi. Kutwa anaruka na kuapa: "Ule mzinga wao wa kivita nitarudi nao begani!"

Huo mzinga ndio uliomkosesha mama usingizi. Alikuwa amepeleka ndizi bomani siku ulipojaribiwa. Migomba kumi ililala chini kabla hajamaliza kupiga chafya.

Siku ya sita, mchana, wazee wakaonja. Mzee Loishiye akatema pembeni.

"Mama Lerionka, hii ni pombe au uji wa mgonjwa?"

"Asali ya mwaka huu ina kiburi, baba."

Morani wakanguruma. Lerionka akachoma mkuki ardhini. "Yeyo! Mama gani wewe, unaniaibisha mbele ya wenzangu?"

Loishiye akapangusa midomo. Alikuwa amechoka na kelele za vijana, na zaidi alikuwa amechoka na ile pombe. "Basi. Tutawabariki kwa maziwa. Mwende zenu."

Namnyaki akainua kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Maziwa?" Lerionka aliruka mbele, mishipa ya shingo imemsimama. "Kwani sisi tunanyonya? Babu zetu walipuliziwa asali, nasi ni asali! Anayetaka kuvunja mila atangulie peke yake!"

Morani wakashangilia hadi mbwa wakakimbia. Wazee wakatazamana kwa aibu. Haya, kipikwe kibuyu kingine, wangoje siku sita.

Lerionka akamfuata mama yake nyuma ya nyumba, huku akifoka ili kila mtu asikie. Alipomfikia, akainama sikioni mwake.

"Yeyo," akanong'ona, "safari hii iharibu vizuri. Ya leo ilikaribia kulevya."